Vita vya Baharini na Mizani ya Kuvipima





Siku za karibuni, baada ya sala ya Alasiri, tuliwakuta vijana wawili barazani wakishindana juu ya jambo ambalo kwa kawaida halizungumzwi sana misikitini mwetu. Mmoja alikuwa akisema kuwa vita vikubwa kupita vyote vilivyopiganwa baharini katika tarehe ya Uislamu ni vita vya Dhatus-Sawari, kwani ndivyo vilivyowatoa Warumi katika ubwana wa bahari. Mwenzake alikataa. Yeye alishikilia kuwa vita vikubwa ni vile vya Lepanto, ambavyo Waturuki walishindwa vibaya, na kuwa tangu siku ile Waislamu hawakuinua tena kichwa baharini. Unyonge wetu wote, alisema, ulianzia pale. Sauti zilipanda, hata mzee mmoja aliyekuwa akivuta tasbihi yake akawaomba wazipunguze. Kisha wakatugeukia sisi, wakataka tuwahukumu.

Hatukuwahukumu siku ile. Tuliwaahidi kuwa tutalijibu swali lao kwa utaratibu, nasi tunalijibu leo, kwani si swali la mchezo. Mtu anayeamini kwamba umma wake ulivunjika katika siku moja, kwa pigo moja, huyatazama mambo yake ya leo kwa jicho la mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Na mtu anayeamini kwamba ushindi mmoja wa kale wamtosha kuwa fahari, hukaa akaiegemea fahari hiyo asifanye kitu. Wote wawili wana haki ya kujua mambo yalivyokuwa hasa.

La kwanza ni mizani. Watu wengi huvipima vita kwa hesabu ya maiti na vyombo vilivyozama, na vita vyenye hesabu kubwa huambiwa kuwa ndivyo vyenye maana kubwa. Mizani hii haifai baharini. Katika nchi kavu mshindi hukaa juu ya ardhi aliyoipata, akajenga boma, akatoza kodi. Baharini hapana ardhi ya kukalia. Jioni ya siku ya vita mawimbi hujifunga kama kwamba halikutokea lolote, na mshindi naye hana budi kutafuta bandari ya kulala. Kwa hiyo sisi twaona kuwa swali la kuulizwa ni hili: yule aliyeshindwa aliweza kuunda vyombo vingine? Alikuwa na mbao, na mafundi, na mabaharia, na mahali pa kutia nanga? Ndugu zetu wa pwani wanaounda majahazi hawahitaji kuelezwa maneno haya. Wao wanajua kuwa jahazi huanzia msituni, na kuwa asiye na mti hana chombo, hata awe shujaa namna gani.

Basi na tuanze na vita alivyovitaja yule kijana wa kwanza.

Waarabu wa Hijazi hawakuwa watu wa bahari. Sayyidna Omar (R.A.) aliikhofu bahari kwa ajili ya watu wake. Inasimuliwa kuwa alimtaka Amr bin Al-As amweleze bahari ilivyo, naye akamweleza jinsi watu wanavyokuwa juu yake, wadogo kama vijidudu juu ya kijiti. Sayyidna Omar akakataa katakata kumpa ruhusa Muawiya, liwali wake wa Sham, kuwapandisha Waislamu merikebuni kwenda vitani. Ruhusa hiyo ilitoka katika zama za Sayyidna Uthman (R.A.), tena kwa sharti: asilazimishwe mtu. Aende mwenye kutaka mwenyewe. Mwaka 28 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 649, safari ya kwanza ikaenda kisiwa cha Kupro, ambacho Waarabu hukiita Qubrus. Katika safari hiyo alikuwamo Ummu Haram binti Milhan, sahaba mwanamke ambaye Mtume (S.A.W.) alikuwa amembashiria kuwa atakuwa miongoni mwa watakaopanda bahari mwanzo. Alianguka kutoka juu ya mnyama wake akafa huko huko, na kaburi lake liko Larnaca hadi leo.

Vyombo vya Waislamu viliundwa Misri na Sham, na waliovitengeneza kwa sehemu kubwa walikuwa Makibti wa Misri na watu wa pwani ya Sham, mafundi wale wale ambao jana yake walikuwa wakiwaundia Warumi. Jambo hili latustaajabisha kila tulisomapo. Dola iliyozaliwa jangwani ilijua kumpa kazi yake mwenye kuijua, wala haikumuuliza dini yake alipokuwa ameshika tezo.

Mwaka 34 wa Hijra, yaani mwaka 655 au mwaka mmoja kabla yake, Mfalme Constans wa Rumi alitoka mwenyewe na merikebu nyingi kuliko za Waislamu. Walikutana karibu na pwani ya kusini ya nchi inayoitwa leo Uturuki. Amiri wa Waislamu alikuwa Abdallah bin Saad bin Abi Sarh, liwali wa Misri. Wanatarikh wanasimulia kuwa usiku ule upande mmoja uliukesha kwa sala na upande wa pili kwa kengele zake. Asubuhi vyombo vikafungamanishwa, merikebu kwa merikebu, hata bahari ikawa kama kiwanja, watu wakapigana kwa panga na majambia juu ya mbao kama wapiganavyo juu ya mchanga. Hiyo ilikuwa hila njema ya watu wasioijua bahari: waliigeuza bahari ikawa nchi kavu. Jina la vita hivi lina maana ya vita vya milingoti, na waandishi wamekhitilafiana kwa nini vikaitwa hivyo. Warumi walishindwa, na mfalme wao aliponea chupuchupu. Husimuliwa kuwa alibadilishana nguo na mtu mwingine ili asitambulikane.

Sasa tutie mizanini. Hapana shaka kuwa baada ya siku ile bahari ya Mashariki haikuwa tena ya Warumi peke yao. Lakini mji wa Kostantiniya, ambao ndio uliokuwa lengo, haukuchukuliwa. Haukupita mwaka mzima au miwili ila Sayyidna Uthman aliuawa mwezi wa Dhulhija mwaka 35, Waislamu wakaingia katika fitina baina yao, na Muawiya akalazimika kutafuta suluhu na Warumi wale wale walioshindwa, ili apate nafasi ya vita vya ndani. Warumi nao walikuwa na misitu na karakana, wakaunda tena. Waislamu waliuzingira mji ule mwaka 717 na 718 wakarudi bila ya kuupata, na haukufunguliwa hata mwaka 1453, karibu miaka 800 baada ya Dhatus-Sawari. Ulikuwa ushindi wa kweli uliofungua mlango. Wenye ushindi walikosa kuingia kwa sababu walikuwa wakigombana ukumbini.

Twende Lepanto, maana hapo ndipo penye uchungu wa yule kijana wa pili, na hapo twapenda kukaa kidogo.

Mwaka 1570 Waturuki wa Kiosmani waliivamia Kupro, iliyokuwa mikononi mwa dola ya Venice. Baba Mtakatifu wa Roma, Hispania, Venice na wengine wakaunga umoja mwaka 1571 ili kukiokoa kisiwa. Angalieni tarehe: mji wa mwisho wa Kupro, Famagusta, ulianguka mwezi wa Agosti 1571, na vita vya Lepanto vikapiganwa tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo, yaani mwaka 979 wa Hijra. Umoja ulishinda vita baada ya kukikosa kitu uliofanywa kwa ajili yake.

Mapambano yalikuwa karibu na pwani ya Ugiriki. Kila upande ulikuwa na ghurabu zaidi ya 200, nazo ni zile merikebu ndefu nyembamba za makasia. Wavenisi walikuwa na merikebu sita kubwa zaidi, ndefu kwa kimo na zenye mizinga mingi, wakaziweka mbele ya safu, zikazivuruga ghurabu za Kituruki kabla hazijakaribia. Wakristo wengi walikuwa na bunduki. Waturuki wengi walikuwa bado wakitegemea upinde, silaha waliyoijua kupita watu wote. Amiri wao, Ali Pasha, ambaye baba yake alikuwa mwadhini na yeye akaitwa kwa jina hilo, aliuawa juu ya merikebu yake. Kwa saa chache za mchana mmoja Waturuki walipoteza karibu jeshi lao lote la bahari: ghurabu zaidi ya 100 zilitekwa, nyingine zikazama au kuungua, na watu wao waliokufa hawakupungua maelfu mengi. Watumwa wa Kikristo waliokuwa wamefungwa makasiani, wapatao 12,000, walipata uhuru wao siku ile, na haki yatutaka tulitaje hilo, kwani kwao wao na kwa mama zao vilikuwa vita vikubwa kupita vyote duniani. Miongoni mwa Wahispania waliojeruhiwa alikuwamo Cervantes, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa nchi yake. Mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena.

Ulaya nzima ilipiga kengele. Yule kijana wetu angalisimama hapa na kusema: mwaona?

Lakini na tutazame kipupwe kilichofuata. Mkuu mmoja tu wa Kituruki alijinasua na kundi lake, naye ni Uluj Ali, mtu mzaliwa wa Calabria katika Italia, aliyetekwa akiwa kijana, akasilimu, akapanda cheo. Alipofika Istanbul alifanywa amiri wa bahari yote na kupewa jina la Kilij, yaani Upanga. Naye alimwambia Waziri Mkuu, Sokollu Mehmed Pasha, kwamba magofu ya merikebu yataundwa, lakini nanga na kamba na matanga ya merikebu nyingi namna hiyo yatatoka wapi? Inasimuliwa kuwa Waziri alimjibu kwamba dola hii ikitaka, yaweza kutia nanga za fedha na kamba za hariri na matanga ya atlasi. Maneno ya majivuno, tutasema. Lakini misitu ya Bahari Nyeusi ilikuwa karibu, karakana za Istanbul zilikuwa kubwa, na amri ya Sultani Selim ilifika kila jimbo. Kabla ya kiangazi cha mwaka 1572 ghurabu mpya zipatazo 150 zilikuwa majini. Mwezi wa Machi 1573 Venice, iliyoshinda Lepanto, iliomba amani, ikaiachia Kupro, ikakubali kulipa dukati 300,000 za dhahabu. Mwaka 1574 Uluj Ali na Sinan Pasha waliuchukua mji wa Tunis kutoka kwa Wahispania. Mgeni asiyejua aliyeyaona mambo ya mwaka 1574 angalidhani kuwa Waturuki ndio walioshinda Lepanto.

Kwa sababu hiyo wanatarikh wa zama zetu wamekhitilafiana. Fernand Braudel, mwanachuoni wa Kifaransa, alisema kuwa maana ya Lepanto ilikuwa nyoyoni: watu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuamini kuwa Mturuki hashindiki baharini, hasa tangu Khairuddin Barbarossa alipoushinda umoja wao Preveza mwaka 1538, na sihiri hiyo ikavunjika siku ile. Andrew Hess, Mmarekani, akaandika mwaka 1972 kuwa ukitazama ramani kabla ya Lepanto na baada yake huoni badiliko lolote linalowadhuru Waturuki. Wako na wengine waliosema neno la tatu, nalo sisi twaona ndilo lililo karibu na ukweli. Walisema: mbao zilipatikana, watu hawakupatikana. Mtu wa kuupinda upinde wa Kituruki barabara alihitaji mazoezi tangu utotoni, na mabaharia wazoefu hawakatwi msituni. Wajumbe wa kigeni walioziona merikebu zile mpya walisema kuwa mbao zake zilikuwa mbichi na watu wake wageni wa kazi. Ndiyo maana Uluj Ali, kwa akili yake, mwaka 1572 alizitoa kuzionyesha, wala hakukubali kuzipigania.

Hivi ndivyo tunavyomjibu kijana wetu wa pili. Lepanto ilikuwa msiba mzito, na waliofia pale tunawaombea rehema. Lakini haikuwa siku ya kuvunjika. Aliyeweza kuunda tena hakuvunjika.

Wala wasikilizaji wetu wasidhani kuwa hivi vilikuwa vita vya dini mbili zilizokaa pande mbili zikitazamana. Mfalme wa Ufaransa, Mkristo, alikuwa na urafiki na Sultani, hata majira ya baridi ya mwaka 1543 merikebu za Barbarossa zililala katika bandari yake ya Toulon. Mwanaadamu huijua dini yake, na huijua pia biashara yake.

Sasa tunafika kwenye vita ambavyo vijana wetu wote wawili hawakuvitaja, nasi tulingojea kuona kama vitatajwa. Ni vita vya Diu, katika pwani ya Gujarat, Bara Hindi, vilivyopiganwa tarehe 3 Februari 1509, mwaka 914 wa Hijra. Hesabu yake ni ndogo. Wareno walikuwa na merikebu 18. Waliokufa wote pamoja hawakaribii hata kidogo hesabu ya Lepanto. Hata hivyo, ndugu zetu wa Kilwa, Mombasa, Lamu na Barawa, ikiwa mnataka kujua ni vita gani vya mbali vilivyogusa vizingiti vya milango yenu, tazameni huko.

Amiri wa Wareno alikuwa Francisco de Almeida, na pwani yetu ilimjua kabla ya Bara Hindi. Mwezi wa Julai 1505, akiwa njiani, aliingia Kilwa, akaupora mji na kujenga ngome. Mwezi uliofuata aliuchoma mji wa Mombasa. Wakuu wa Malindi, tusifiche, walikuwa wamefanya urafiki na Wareno tangu mwaka 1498, kwa sababu ya uadui wao na Mombasa.

Habari hizi zilifika Misri. Wafalme wa Kimamluki waliishi kwa ushuru wa pilipili manga na viungo vilivyopita Bahari ya Sham, na Venice iliyovinunua kwao Iskandaria ilipata hasara ile ile. Sultani Qansuh al-Ghuri akaamua kupeleka merikebu. Na hapa ndipo penye roho ya maneno yetu. Suez haina miti. Mbao zilinunuliwa katika nchi za Waturuki, zikavushwa bahari mpaka Misri, kisha zikachukuliwa kwa ngamia kupita jangwani mpaka Suez, ndipo zikaunganishwa kuwa merikebu. Hebu fikirini mkuku mzima juu ya mgongo wa ngamia! Jeshi lililopatikana kwa taabu hiyo lilikabidhiwa Amir Husayn al-Kurdi, aliyepita Jeddah akaizungushia ukuta, kisha akafika Diu.

Mwanzo mambo yalimwendea vizuri. Mwezi wa Machi 1508, huko Chaul, yeye na Malik Ayyaz, liwali wa Diu, waliwashinda Wareno na kumuua Lourenço, mtoto wa Almeida. Baba akaapa kulipiza. Mtu aliyetumwa kushika cheo chake alipofika, alikataa kumwachia mpaka amalize kisasi chake. Alikwenda Diu akiwa na merikebu ndefu za matanga, zenye mizinga mizito na kuta zilizopanda juu kuliko ghurabu. Amir Husayn alibaki ndani ya bandari, vyombo vimefungwa nanga, akitumaini mizinga ya nchi kavu itamlinda. Wenziwe wa Calicut walileta mashua nyingi ndogo, lakini mashua haipandi ukuta wa merikebu. Ama Malik Ayyaz, aliyekuwa amekwisha kuandikiana barua na Almeida na kuwatunza vyema mateka wa Chaul, alikaa akipima upepo. Jioni Amir Husayn alikimbia na watu wachache, na Malik Ayyaz akawarejesha mateka na kutaka suluhu. Mateka wa Kiislamu waliochukuliwa siku ile wengi wao waliuawa kwa ukatili. Almeida mwenyewe hakufika kwao: mwezi wa Machi 1510, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, wafugaji wa Kikhoikhoi aliotaka kuwanyang'anya ng'ombe walimwua ufukoni.

Je, Diu ilimaliza neno? Wako wanaokana, nao wana hoja. Wareno walijaribu kuitwaa Aden mwaka 1513 wakashindwa. Bahari ya Sham haikufungwa, na katikati ya karne ile pilipili manga ilikuwa imekwisha kurudi Iskandaria kwa wingi. Hata Diu yenyewe hawakuipatia ngome ila mwaka 1535. Yote hayo ni kweli. Lakini itieni siku ile katika mizani yetu: aliyeshindwa aliweza kuunda tena? Mwaka 1510 Wamisri walikusanya mbao nyingine huko Ayas, katika pembe ya bahari iliyo kaskazini ya Sham, ili wapeleke merikebu nyingine Bara Hindi. Maaskari wa Kikristo wa kisiwa cha Rodi wakauvamia msafara ule wa mbao bandarini wakauangamiza. Kwa maoni yetu hapo ndipo vita vya Diu vilipomalizika, katika bahari nyingine kabisa, juu ya magogo ambayo hayajapigwa tezo. Mwaka 1517 dola ya Kimamluki yenyewe ikaanguka. Wareno nao walikuwa wamekwisha kuishika Goa mwaka 1510 na Malaka mwaka 1511, na huko Bara Hindi walipata msaji, mti bora kuliko mialoni ya kwao, wakaunda merikebu huko huko. Ikafika hali kuwa nahodha wa Kiislamu hawezi kuvuka na shehena yake kwa salama ila awe na cheti alichokinunua kwa Mreno.

Waosmani waliorithi Misri walijaribu. Mwaka 1538, mwaka ule ule wa ushindi wa Preveza, Suleiman Pasha alitoka Suez na merikebu kama 70 kwenda kuizingira Diu. Alipopita Aden alimwalika mtawala wake, Mwislamu mwenziwe, merikebuni, kisha akamtundika. Habari ilimtangulia Gujarat. Watu wa Gujarat walipomwona aliyekuja kuwaokoa waliogopa kuokolewa naye, msaada ukapungua, na mazingira yakavunjika.

Na sisi huku? Mwaka 1585 alikuja Amir Ali Bey, Mturuki, akiwa na chombo kibovu, na miji mingi ya pwani ikampokea kwa furaha kwa jina la Sultani tu. Alirudi mwishoni mwa mwaka 1588 akaingia Mombasa. Alikuwa na ghurabu ngapi? Tano. Dola iliyounda 150 katika kipupwe kimoja baada ya Lepanto ilikuwa na tano tu za kuleta Mombasa, kwa sababu misitu yake ilikuwa upande wa pili wa jangwa. Mwezi wa Machi 1589 Wareno walikuja kutoka Goa na vyombo vipatavyo ishirini, wakazikuta ghurabu zile zimebanwa bandarini, huku Wazimba wamekaa ng'ambo ya kivuko upande wa bara. Ali Bey alitekwa. Miaka minne baadaye, mwaka 1593, yakawekwa mawe ya kwanza ya Fort Jesus.

Kama tukiwajibu vijana wetu kwa neno moja, basi tunasema kuwa kwa mtu wa pwani hii Diu ilikuwa kubwa kuliko Lepanto na Dhatus-Sawari zote mbili, na ukubwa wake haukutokana na mapigano ya siku ile.

Tena watazame jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1650 Waarabu wa Omani waliwatoa Wareno Maskati, wakazikuta bandarini merikebu za Kireno, wakazitia mabaharia wao wenyewe. Mbao wakazinunua Bara Hindi, msaji ule ule. Mwezi wa Machi 1696 walifika Mombasa wakaizingira ngome, nayo ikazingirwa kwa muda wa karibu miaka mitatu, maradhi yakiwamaliza waliomo ndani kuliko risasi. Hapakuwa na vita vikubwa vya baharini ambavyo vijana wangeviweka katika mashindano yao ya barazani. Tarehe 13 Desemba 1698 ngome iliingiwa. Siku chache baadaye zikatokea merikebu za msaada kutoka Goa. Wakaona bendera ya Imamu Saif bin Sultan juu ya ukuta, wakageuza matanga wakaenda zao.